Ulimi wa Kuazima

Kwenye avenyu yetu pale Dilala, mjini Kolwezi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto, wauza makaa, madereva wa pikipiki tunazoziita moto, hata imamu, wote walimwita Mama Muhindi, na yeye hakulipenda jina hilo hata siku moja. "India iko kubwa," alikuwa akisema. "Kuko bantu kule, chakula yabo sijue, luga yabo sijue. Mi niko muntu wa Malabari, wa kando ya bahari. Mi niko Mapila, Muislamu wa kule." Tulitikisa kichwa, tukasema ndiyo Mama, na baada ya dakika moja tukamwita tena Mama Muhindi. Aliitika, lakini kama mtu aliyepewa kiatu cha mguu mwingine.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na minne. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha, ukuta wa zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani, nyumba ambazo jiko moja linasikia siri za jiko la pili. Mume wake aliuza vipuri vya malori. Mume wangu, Tata Zuhura, ni mwenye lori. Urafiki wa wanaume wawili hao ulianzia chini ya gari lililoharibika, na wetu ulianzia kwenye nazi.

Kolwezi haina nazi. Ina shaba, ina kobalti, ina mahindi na muhogo na vumbi jekundu la kutosha nchi tatu, lakini bahari iko mbali kiasi kwamba watoto wetu wanaichora kama mto mpana. Lori la mume wangu lilikuwa likishuka mpaka Dar es Salaam kupitia Zambia. Basi mara ya kwanza Mama Muhindi alipovuka geti letu hakuja kusalimia wala kukaa. Alikuja na gunia tupu, limekunjwa vizuri kama nguo iliyotunzwa sandukuni.

"Tata Zuhura," akasema, "we unaendaka ku bahari. Mi siwezi kwenda. Uniletee nazi."

Safari ile mume wangu alipiga simu akiwa sokoni Dar, sauti imejaa mashaka. "Mama Zuhura, banasema bila mbuzi hii nazi haina kazi. Nibebe mbuzi toka huku mpaka Kolwezi? Ku mpaka bataniuliza karatasi ya mbuzi!" Mama mkwe wangu alikuwa amekaa karibu nami, akaisikia ile simu, akacheka mpaka akashika ubavu. Ukoo wake ulitoka Kasongo, na nyuma ya Kasongo, vizazi vingi, ulitoka pwani, na neno hilo alikuwa amelisikia kwa bibi yake: kigoda cha mbao chenye chuma cha meno mbele, cha kukunia nazi. Hatukuwahi kukiona. Kilipofika, Mama Muhindi alikikalia palepale uani, mbele ya dereva na msaidizi wake, akapasua nazi kwa kisogo cha panga, akaanza kukuna bila kutazama mikono yake. Alikuwa ananitazama mimi. "Umeona?" akasema. "Na kwetu iko ile ile."

Kila nazi aliitikisa sikioni, polepole, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Iliyonyamaza aliiweka kushoto. Lori lilipokwama mpakani kwa majuma, hakupika kabisa vyakula vya kwao. Nilimwambia siku moja ajaribu karanga iliyosagwa, kama sisi tunavyoiweka kwenye mboga. Alinitazama kwa huruma. "Karanga ni karanga," akasema. "Nazi haina ndugu." Maneno hayo yakawa msemo wa avenyu nzima. Wasichana walioposwa na wanaume wasiowapenda walikuwa wakijibu: nazi haina ndugu.

Ukaidi wake ulijulikana mpaka nje ya mji. Samaki wa kwao hupikwa kwenye chungu kipana, kifupi, mdomo wazi, pamoja na ukwaju na pilipili nyekundu, na yeye chungu cha namna hiyo hakuwa nacho. Akasikia kwamba kwenye njia ya Sandoa kuna mama mmoja wa kabila la Walunda anayefinyanga vyungu. Akapanda moto, mwanamke wa miaka hamsini na kitu na shela yake, akaenda. Mfinyanzi alimcheka. Chungu ni cha kuweka maji au cha kupika mboga, akamwambia, kwa hiyo lazima kiwe na shingo. Chungu kisicho na shingo ni sahani iliyokosea njia. Mama Muhindi hakubishana. Alirudi kesho yake, akakaa. Keshokutwa akarudi, akakaa. Siku ya nne mfinyanzi akachoka kutazamwa, akakifinyanga. Vilipatikana viwili, kimoja kikapasuka motoni, na hicho kilichobaki alikipikia maji ya mchele siku tano mfululizo kabla ya kukiruhusu kiguse samaki.

Mchuzi wake wa samaki hukuula siku ulipopikwa. Uliufunika, ukalala, ukaula kesho. Ukimwomba uonje siku ile ile alikupiga mkono kwa mwiko, hata kama ulikuwa mama wa watoto wanne.

Na bado mwanamke huyu aliyekataa karanga ndiye aliyeukumbatia muhogo. Kwao, alituambia, maskini wa kando ya bahari hula muhogo uliochemshwa, ukapondwa na nazi, pilipili na majani ya mchuzi, juu yake samaki mwekundu. Majirani waliokuja kuchungulia walisikitika. "Anaupikaka muhogo kama wa mugonjwa," wakasema. Kisha wakaonja. Wiki iliyofuata niliwaona wakichungulia tena, safari hii na sahani.

Aliwasifu pia watu wa milima ya kwao, walioshuka sokoni na asali, ulezi na machipukizi ya mianzi, ambao watu wa pwani waliwadharau. Mama yake aliwakaribisha jikoni, na kutoka kwao Mama Muhindi akajifunza kupika ugali wa ulezi na mboga za porini. Mwaka wa kwanza mvua ziliponyesha na sisi tukakimbia na mabeseni kukusanya kumbikumbi, nilidhani atakunja pua. Alitoka na beseni lake. "Bale bantu ba mulima banakulaka hii," akasema. "Mama yangu alikataa. Mi nilikulaka kwa kuiba."

Usidhani alikuwa malaika. Aliwahubiria watu subira, na dereva wa moto akipiga honi mbele ya geti lake alitoka na ndoo ya maji. Aliwaambia wanangu sukari inaoza meno, na mfukoni mwa gauni lake kulikuwa na vipande vya sukari alivyovimung'unya mchana kutwa. Alisema bukari, huu ugali wetu, ni chakula cha watu wenye haraka ya kushiba. Siku moja nilimkuta nyuma ya soko, amekaa juu ya kreti, anakula bukari na sombe ya majani ya muhogo kwa mkono mzima, macho amefumba. Tukatazamana. "Usiseme ku bantu," akasema. Sikusema mpaka leo.

Mume wake alipofariki, watoto wake, waliokuwa wamekwisha kutawanyika Uarabuni na kwao, walimpigia simu kila siku wakimtaka aondoke. Alikataa. Alisema mzee wake amelala kwenye makaburi ya Waislamu ya Kolwezi, na mtu hawezi kumwacha mwenzake peke yake kwenye baridi ya mwezi wa sita. Akafunga duka, akabaki na jiko. Ijumaa alipika mikate ya mchele, ile myembamba inayochovywa kwenye tui, akaipeleka msikitini kwa beseni. Familia zetu za Kasongo na Kindu, wafanyabiashara na watu wa malori, zilianza kumwita kwenye harusi na hitima. Jina lake lilikuwa mkono wake.

Ndipo ukaja mwaka wa korona. Aliugua siku kumi na mbili, nikimpitishia uji dirishani. Alipona. Lakini asubuhi moja alikuja kwangu ameshika kitunguu kilichomenywa, akaniwekea chini ya pua.

"Inanuka?"

"Inanuka, Mama."

Akakiuma kama mtu anavyouma embe. Akatafuna. Machozi yalimtoka, lakini uso haukubadilika.

"Machozi inatoka," akasema, "lakini butamu hapana. Bukali ya pilipili hapana. Pua yangu inaisha kufa, Mama Zuhura. Na ulimi."

Nikamwambia itarudi, wengi imewarudia. Tulingoja. Mvua zikapita, baridi ikapita, haikurudi. Watoto wake hawakuambiwa, na wateja wake hawakuambiwa. Akaja tena, safari hii bila kitunguu, akakaa juu ya kigoda changu.

"Bon, basi. Pua imekufa, mikono iko. Uniazime ulimi yako. We utanusa, utaonja, utaniambia. Mi nitapika. Kati ya shiye babili tu."

Nikakubali. Ilikuwa shule ngumu kuliko ile niliyosoma nikiwa msichana. Nikisema "tamu," alikasirika. "Tamu haiko jibu. Sema: nini inafika kwanza, nini inafika nyuma, nini inabakia." Nikajifunza kwamba ukwaju hufika kabla ya pilipili, na kwamba nazi iliyozeeka huacha ladha ya sabuni kwenye koo. Nikajifunza kunusa mashavu ya samaki wa ziwa Nzilo na kusema leo, jana au juzi. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa barua, kichwa kimeinama, kisha mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye chumvi. Mwaka mzima hakuna aliyejua. Watu walisema chakula chake kimezidi hata cha zamani.

Kisha wifi yangu mdogo akaolewa.

Mama mkwe alitaka kila kitu, na zaidi ya vyote alitaka samaki wa kukaanga wa Mama Muhindi. Samaki waliletwa siku ya Alhamisi, tukawakata, tukawapaka pilipili na manjano, tukawajaza kwenye sufuria na kuziweka kwenye konjelateri, friza ya jirani. Ijumaa umeme ukakatika. Joto lilikuwa lile la mwezi wa kumi, kabla ya mvua kuanza. Jumamosi asubuhi tukafungua. Kwa rangi ya pilipili na manjano jicho lisingeweza kusema lolote.

"Nusa," akaniambia.

Niliinama. Pilipili ilifika kwanza, manjano yakafuata. Chini kabisa kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kama nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye beseni. Niliinua kichwa. Uani mama mkwe alikuwa anaita sahani, wanawake wameanza kuimba, bibi harusi anapakwa hina. Mama Muhindi alikuwa amesimama mbele yangu, mikono mitupu, ananingoja. Nikifungua mdomo, harusi haina samaki, na mama mkwe wangu ataulizwa na ukoo mzima. Nikaona haya.

"Iko muzuri, Mama," nikasema.

Wa kwanza kutapika alikuwa bibi harusi, kabla ya alasiri. Kisha wakafuata wengine, kumi na mmoja kwa jumla, mabibi na wasichana, wanaegemea kuta kwa nguo zao za sherehe. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa. Mama mkwe alilazwa siku tatu, maji yanaingia mkononi kwa mpira.

Maneno yakaanza. Wengine walisema anatia poda za Wahindi ili watu wasiache kula kwake. Wengine walisema amechukia kwa sababu hana mume. Wazee wawili wa ukoo walikwenda barazani kwake kumuuliza. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nimeshika kamba ya kuanikia nguo, nikasikia kila neno.

"Samaki ilikuwa ya miye," aliwaambia. "Mukono ilikuwa ya miye. Kosa ni ya miye. Munisamehe."

Hakusema juu ya pua yake, na mimi hakunitaja. Wazee wakaondoka. Nikamsikia akiosha sufuria, moja baada ya nyingine, akizipindua chini. Ijumaa ile hakuna aliyekuja kuchukua mikate. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Sikulala vizuri, sikula vizuri, lakini nilinyamaza. Nataka niliseme hili bila kulipamba: nilinyamaza majuma matatu.

Siku nilipokwenda nilimkuta jikoni amekaa, anachambua mchele ambao hakuna mtu aliyeuagiza.

"Mama," nikasema, "ile siku nilisikia harufu."

Aliendelea kuchambua. "Ninajua. Saa bibi harusi alianza kutapika, nilikumbuka kichwa yako. Ilitoka mu sufuria mbio sana."

"Juu ya nini haukunitaja?"

"Kukutaja ingemuponesha nani?" Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. Kisha akaniangalia, na sijawahi kuangaliwa vile tena. "Nilikuomba ulimi, Mama Zuhura. Ukaniletea adabu. Adabu niko nayo mu nyumba, imejaa. Adabu haipikake."

Nililia. Alininyima leso. Aliningoja nimalize, kisha akasema, "Mi nitapika tena. Hata bantu banikatae mwaka muzima, nitapika. Lakini sitapika na muntu anaogopa. Sasa wende kwako, uangalie roho yako iko upande gani."

Sikwenda kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, aliyekuwa bado amejilaza, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia yote: pua iliyokufa, ulimi niliouazimisha, harufu ya nguo mbichi, na mdomo wangu uliosema iko muzuri. Nilingoja matusi. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mgumu, aliyewahi kumrudisha mkwe mwingine kwao kwa sababu ya chai iliyopoa.

Alitazama dari.

"Na mi niliisikia," akasema hatimaye.

"Nini, Mama?"

"Ile harufu. Tonge ya kwanza. Nikasema mu roho: bageni banaangalia, nikitema itakuwa haya. Nikameza." Akageuza uso ukutani. "Uulize bale bengine. Bote balisikia. Shiye bote ile siku hatukukula samaki. Tulikula haya yetu."

Ijumaa iliyofuata alivaa kanga yake mpya, akanishika mkono, tukaenda kwa Mama Muhindi pamoja na mabibi wanne aliowapitia njiani bila kuwaambia sababu. Akaagiza mchuzi wa samaki. Mama Muhindi akapika, mimi nikanusa na kusema kila kitu kwa sauti, mbele ya wote. Mchuzi haukungoja kesho yake. Kwa mara ya kwanza alivunja sheria yake. Mama mkwe aliinua kipande cha kwanza mpaka puani, akanusa kwa kelele kama ng'ombe ili kila mtu asikie, akala. Kisha akasema mbele ya wale mabibi, "Mama Muhindi hana pua. Huyu mukwe wangu ndiyo pua yake, na huyu ndiyo alitudanganya. Hatarudilia. Mukule." Wakala.

Nisidanganye kwamba mambo yalirudi kama zamani. Harusi kubwa hazikumwita tena. Lakini aliweka meza nje ya geti, akapika muhogo wake na samaki wekundu kwa vijana wachimbaji waliotoka Kasai, Maniema na Kivu, ambao hawakuwa na habari za harusi ya mtu. Mtu akimuuliza kama ni kweli hana pua, alijibu, "Kweli. Ulimi yangu iko pale," akaninyooshea kidole. Ndipo alipomchukua Ngoie, mjane wa rika langu aliyekuwa akiosha mawe ya madini mtoni mpaka ngozi ya vidole ikambabuka. Ngoie aliomba kazi ya kuosha sufuria. Mama Muhindi alimpa kijiko, akamuuliza nini kinafika kwanza. Ngoie akajibu, "Mama, hii imeungua chini kidogo, banakuficha." Akaajiriwa palepale. Aliyekuwa ameficha ni mimi, na ilikuwa chini ya sufuria tu, lakini nilikubali.

Baadaye mume wangu alihamishia kazi yake Lubumbashi, nasi tukahama. Niliondoka nikijua meza imebaki kwa mtu mwenye ulimi mkweli kuliko wangu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kiangazi kilichopita. Ngoie alinipigia simu: "Mama Muhindi anakuita. Anasema ukuye upesi." Nilipanda basi. Nilimkuta kitandani, mwili umekwisha, tumbo limevimba, macho yale yale. Mwanawe wa kiume alikuwa amekuja kutoka Uarabuni, mtu mpole, amekwisha kununua tiketi za kumrudisha kwao. Madaktari walikuwa wamezungumza naye pembeni kwa Kifaransa, na kila aliyeingia chumbani alisema kitu kimoja: utapona, Mama, utaona bahari tena.

Alimtuma mwanawe nje kutafuta maji ya chupa ambayo hakuyahitaji. Kisha akanishika kifundo cha mkono.

"Bote banasema nitafika kwetu. Banasema na macho chini. We niangalie. Nitafika?"

Nilimwangalia. Nilitazama rangi ya kucha zake, nikasikiliza pumzi yake inavyokatika katikati. Nilitamani sana kuwa mtu mwingine.

"Hapana, Mama," nikasema. "Hautafika."

Alifumba macho. Nilidhani nimemuua mimi. Yalipofumbuka yalikuwa makavu.

"Asante," akasema. "Bon. Muite Ngoie."

Mwanawe aliporudi alimwambia arudishe tiketi, kwamba baba yake yuko hapa na yeye atalala hapa. Kijana alilia, mama yake akamlaza kichwa kifuani na kumpapasa, lakini hakubadilisha neno. Usiku haujafika alikuwa amekwisha kumfanya Ngoie ahesabu kwa vidole vyakula ambavyo hakuwa amemfundisha, kwa sababu ni vya sherehe na sherehe hazikumwita. Vilikuwa saba. Miongoni mwavyo kulikuwa na ndizi zilizopondwa na kujazwa nazi, zikafinyangwa kama tunda la msufi. Kuku mzima mwenye mayai tumboni. Nyuzi za kiini cha yai zilizochemshwa kwenye sukari. Kome waliojazwa mchele. "Hii ya kome uache," akasema, "mu Kolwezi hakuna kome. Uisikie na masikio tu." Vikabaki sita. Cha kwanza katika hivyo kilikuwa alisa: ngano nzima na nyama, vinapikwa na kusongwa mpaka hujui ngano ni ipi na nyama ni ipi, juu yake vitunguu vya kukaanga na samli.

Tulikihamishia kitanda mlangoni mwa jiko. Chakula kimoja kwa siku. Yeye akisema, Ngoie akipika, mimi nikionja na kusema, mwanawe akikuna nazi, mtu mzima mwenye saa ya dhahabu amekaa juu ya mbuzi. Siku ya sita tulimaliza. Tulikuwa tumechoka, sisi watatu. Yeye alinitazama kwa jicho moja.

"Nikingali hai," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi muanze tena. Ngoie aliharibu ile alisa. Loweka ngano."

Ngoie akailoweka jioni ile. Alfajiri Mama Muhindi aliniomba nimgeuze aelekee upande wa ukuta wa mawio ya jua, nikamgeuza, na hakuamka tena. Tulimwosha, tukamsalia baada ya adhuhuri, wanaume wakampeleka kando ya mzee wake. Avenyu ilijaa: mabibi wa harusi ile, vijana wachimbaji na helmeti zao mkononi, madereva wa moto waliomwagiwa maji. Tuliporudi jikoni, Ngoie alisimama mbele ya beseni la ngano, imevimba, nyeupe.

"Tufanye nini na hii?" akaniuliza.

"Bantu beko na njaa," nikamjibu.

Akavua shela, akawasha moto, akaweka sufuria kubwa kuliko zote. Alisonga mpaka jasho likamdondoka kidevuni, mwana wa marehemu akimshikia masikio ya sufuria kwa matambara. Mwanga wa jua ulikuwa umeanza kuinama aliponiletea kijiko. Nikakiweka mdomoni. Nje watu walikuwa wanangoja, na uso wa Ngoie ulikuwa unaniomba.

"Bado," nikamwambia.

Akarudi kwenye sufuria, akashika mwiko kwa mikono miwili, akaendelea kusonga.